Succeed imelala nyuma: springi, shokapu au bushi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Nina Toyota Succeed ya mwaka 2005, nimekaa nayo miaka sita. Kila Desemba, na mara nyingine likizo ya Juni, tunakwenda Njombe mimi, mume wangu na watoto watatu, na kurudi hatukosi viazi na maharage. Siku hizi gari likibeba linalala nyuma mpaka wanaokuja mbele wananiwashia taa wakidhani nimewasha ful. Likipita tuta linagonga "ko!". Na likipishana na lori kwenye barabara kuu, mkia unayumba kama vile kuna mtu anausukuma. Fundi wa kwanza alisema nibadilishe shokapu tu. Wa pili anasema niweke springi za Probox ya mzigo na mipira ya kuongezea. Wa tatu ameandika kila kitu cha nyuma, na bei yake imenitoa jasho. Nimsikilize nani, na nikiwa gerejini nisimamie nini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mafundi wako wote watatu wana sehemu ya ukweli, ila kila mmoja ameshika dalili moja akaifanya ndiyo ugonjwa wote. Wewe mwenyewe umetaja mambo matatu tofauti: gari linalala, gari linagonga, gari linayumba. Kila moja lina kifaa chake. Ukiyachanganya utanunua shokapu mpya, utakwenda Njombe, na gari litarudi limelala vilevile. Hapo ndipo watu wanaposema spea za siku hizi feki, kumbe walinunua dawa ya kikohozi kutibu mguu.

Kinachobeba uzito wa gari ni springi. Shokapu haibebi. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likiruka, mafuta yanalazimika kupenya kwenye vile vitundu, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Ndiyo maana shokapu nzima ukiishika baada ya safari ya barabara mbovu unakuta imepata moto. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuchezacheza. Shokapu zenye gesi zinasukuma kidogo zikiwa mpya, lakini hazitainua gari lililolala. Kwa hiyo fundi wa kwanza, kwa habari ya kulala, amekosea.

Bushi nazo ni ile mipira iliyovikwa kwenye vyuma vinavyoishikilia ekseli mahali pake. Succeed yako, kama injini inazungusha magurudumu mawili tu, siyo yote manne (4WD), nyuma ina ekseli moja nzima, amu mbili zinazokwenda mbele kushikana na bodi, na rodi moja ya mshazari inayotoka kwenye ekseli upande mmoja hadi kwenye bodi upande wa pili. Amu zinazuia ekseli isiende mbele na nyuma. Ile rodi inaizuia isiende kushoto na kulia. Mpira wa rodi ukilegea, ekseli inapata nafasi ya kuteleza kidogo pembeni, na hapo ndipo mkia unapoyumba upepo wa lori unapoupiga. Mwalimu, nikikusoma hivi ulivyoandika, hilo la kuyumba ndilo linalonitisha kuliko mengine yote. Kulala kunakuaibisha barabarani. Kuyumba kunaweza kukupeleka korongoni.

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua futi ya fundi cherehani uende sehemu yenye sakafu tambarare, kwa mfano kwenye kituo cha mafuta asubuhi kabla magari hayajajaa. Toa mizigo yote, hata ule mfuko wa vitabu. Tairi zijazwe upepo kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema. Sukuma nyuma ya gari juu chini mara tatu, liache litulie lenyewe. Halafu pima kutoka katikati ya gurudumu, pale kwenye kifuniko cha rimu, kwenda juu wima hadi ukingo wa bodi. Pima pembe zote nne, andika. Usipime kuanzia ardhini, maana tairi zilizolika zitakudanganya.

Ukikuta kushoto na kulia nyuma vimepishana zaidi ya sentimita moja na nusu, karibu hakika springi moja imevunjika au imechoka kuliko mwenzake. Springi za nyuma hupenda kuvunjika kwenye ncha, ule mzunguko wa chini kabisa unaokalia kitako, kwa sababu pale ndipo tope na mchanga vinapokaa na rangi inapokwanguka. Kipande kinabaki kimekaa mahali pake, gari linaendelea kutembea, na ko! unayoisikia inaweza kuwa ndiyo hiyo. Lala chini na tochi uangalie. Kama zote mbili ni nzima na vipimo vinalingana lakini gari liko chini, tafuta Succeed nyingine ya aina hiyohiyo ambayo nyuma yake haijaguswa, ukaipime kwa futi ileile. Hakuna fundi atakayebishana na namba.

Shokapu kuna watu wanaipima kwa kubonyeza buti na kuachia. Si kipimo kibaya, ila kinakamata zile zilizokufa kabisa. Shokapu iliyobaki na nusu ya nguvu itafaulu mtihani huo vizuri tu. Mimi naangalia vitu viwili zaidi. Cha kwanza ni mafuta: ukungu mwembamba wenye vumbi karibu na shina si taabu, lakini mafuta yaliyochuruzika mpaka chini maana yake muhuri umekwisha. Cha pili ni tairi. Pitisha kiganja kwenye uso wa tairi la nyuma ukiizunguka. Ukihisi mabonde na vilima, huku macho hayaoni kitu, tairi lilikuwa linadunda badala ya kukanyaga. Hiyo ni shokapu, na ndiyo maana breki za dharura zinakuwa ndefu kuliko kawaida: gurudumu linalodunda halishiki lami.

Bushi hazipimwi kwa macho peke yake. Gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake, ingiza mtaimbo mfupi kati ya amu na kifungio chake usukume kwa kiasi. Mpira mzima unanyumbulika kidogo na kurudi. Mpira uliokwisha unaruka, au unaona chuma kinakaribia chuma, au kuna ufa umezunguka. Kwa rodi ya mshazari njia rahisi zaidi ni kumwambia mtu mmoja asukume gari kwa ubavu, akishika juu ya mlango wa nyuma, kushoto kulia, kushoto kulia, huku fundi yuko chini ameshika ncha ya rodi kwa vidole. Mchezo wowote utauhisi kwenye vidole kabla ya kuusikia.

Sasa habari ya mzigo, maana bila hiyo hata springi mpya zitalala. Angalia kibati cha namba za chassis ndani ya chumba cha injini. Kama ni NCP58G, ile G mwishoni inakuambia ni gari la abiria. Kama ni NCP51V, V ni gari la mzigo lenye viti vya nyuma. Watu wengi wanaziita zote Probox au Succeed wakaishia hapo, na ndiyo sababu ya nusu ya springi zisizoendana ninazozikuta. Namba 55 na 59 ni za 4WD na nyuma yake imefungwa tofauti. Spea zake zisikuhusu. Mimi nachukulia lako ni NCP58G, la abiria.

Wajapani wanapokokotoa uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari la abiria, kila mtu wanamhesabia kilo 55. Viti vitano ni kilo 275, na hesabu imeishia hapo. Wewe na mume wako tuseme 140, watoto watatu tuseme 110. Umebakiwa na kilo 25. Gunia la viazi la Njombe lina kilo ngapi, mwalimu? Na sote tunajua kule gunia halifungwi usawa wa mdomo, linafungwa lumbesa. Gari lako halijadhoofika kwa uzee tu. Limebebeshwa miaka sita kazi ya ndugu yake wa mzigo, ambaye alitengenezwa kubeba kilo 400 akiwa na watu wawili. Hao ndio unaowaona wakifanya mchomoko, ile biashara ya kubeba abiria, wamebeba watu tisa, na bado wanasimama. Ingawa nao siku moja wanakaa.

Kwa hiyo fundi wa pili si mjinga. Springi za gari la mzigo zinaingia, na kwa mtu anayebeba kila wiki ningemwambia aziweke, pamoja na shokapu za gari la mzigo, maana springi ngumu ikitulizwa na shokapu laini inarusha gari kama mpira. Ila wewe unabeba mara moja au mbili kwa mwaka. Siku zingine zote unakwenda shuleni na kurudi peke yako na madaftari, na springi hizo gari likiwa tupu zitakuchapa mgongo kwenye kila rasta. Ningekuwa wewe ningefunga springi mpya za NCP58G na viazi vingekuja na lori. Nauli ya gunia ni ndogo kuliko springi.

Nilipokataa kabisa ni kwenye mipira. Ile mipira inayochomekwa katikati ya mizunguko ya springi inafanya jambo moja baya: inauzuia mzunguko mmoja usifanye kazi, na mizunguko iliyobaki inabeba zamu yake. Chuma kinachoka pale mpira unapoishia. Nimeshapokea gari lililokuja limevutwa, springi imekatika mbele na nyuma ya mpira kama mkate uliokatwa kwa kisu, baba mwenye gari anasema "lakini lilikuwa limenyanyuka vizuri". Na kuna la pili ambalo watu hawaliwazi. Baadhi ya magari haya, hasa ya mzigo, yana kichuma chembamba kutoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ya breki. Kinasoma nyuma imelala kiasi gani ili kijue breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Ukiinua gari kwa ujanja, valvu inadhani gari ni tupu wakati limejaa. Kama lako linacho, springi za urefu wake halisi ndizo zinazokirudisha kwenye hesabu sahihi.

Fundi wa tatu, mwenye orodha ndefu, anaweza kuwa sahihi au anaweza kuwa anataka kumaliza ada ya mtoto wake kwa gari lako. Mwambie hivi: springi mbili na shokapu mbili nakubali, kila kingine nionyeshe. Hizo nne nakubali bila kuona kwa sababu gari lina miaka ishirini, limelala, na kazi ya kuzitoa ni ileile moja. Ukibadilisha springi leo na shokapu mwezi wa tatu, umelipa ufundi mara mbili. Vyote kwa jozi, kushoto na kulia. Kubadilisha upande mmoja ni kununua ugomvi kati ya gurudumu na mwenzake.

Kwenye manunuzi, vipira vya kukalia springi, vile vya juu na vya chini, viwemo. Ni bei ndogo na vikikosekana springi mpya inasaga chuma kwa chuma na inalia. Vipira vya kikomo pia, vile vinavyozuia ekseli isigonge bodi gari likizama. Vya kwako nadhani vimekwishasagika, maana gari lililolala linavigonga kila tuta, na ko! yako huenda inatoka hapo nusu yake. Nati za kujibana za shokapu ziwe mpya.

Shokapu za mtumba kutoka Japani usinunue, hata kama muuzaji anaibonyeza mbele yako na inarudi polepole. Ulishaona kwamba kipimo hicho hakikamati iliyochoka nusu, na hakuna ajuaye iliyotolewa kwenye gari gani. Springi ya mtumba naikubali kwa shingo upande, kwa sharti utoke na jozi moja kutoka gari moja, uzisimamishe chini pamoja na uone zinalingana urefu. Amu nzima ya mtumba iliyo na bushi zake ni hadithi mbili: chuma chake ni kizuri, mpira wake una umri wa gari. Kama bushi mpya za kupachika zinapatikana, nunua hizo ukazipachike kwa mashine ya kukandamizia, si kwa nyundo. Zile za kuchonga kwenye tairi kuukuu zitakufikisha nyumbani ukikwama Ruaha Mbuyuni, lakini usizifunge gerejini kwa makusudi. Na bushi za plastiki ngumu zinazosifiwa sana zinadumu kweli, ila zinapeleka kila kokoto hadi kwenye kiti chako. Gari la familia halizihitaji.

Bei sikutajii. Leo nikiandika namba, kesho dola imepanda na utamgombeza muuza duka kwa jina langu.

Sasa gerejini. Kazi ya springi na shokapu za nyuma kwa gari hili si ngumu, fundi mzuri anaimaliza kwa saa tatu. Bushi zikiwemo, toa siku nzima. Gari liwe kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma, nati za magurudumu ya nyuma zilegezwe kabla ya kupigwa jeki. Halafu bodi ikalie stendi. Nasema stendi, sizungumzii tofali wala rimu mbili zilizopandana. Tofali halipasuki taratibu likikuonya. Linapasuka mara moja. Ukifika ukakuta fundi yuko chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu, ondoka na funguo zako, mtafute mwingine.

Bodi ikishakaa, jeki la pili la magurudumu linawekwa chini ya ekseli na kuipandisha kidogo tu, mpaka iwe imebebwa. Hapo ndipo boliti za chini za shokapu zinafunguliwa, pande zote mbili. Kwa gari la umri huu zitakuwa zimeshika kutu, kwa hiyo dawa ya kutu ipulizwe jioni ya siku iliyotangulia, siyo dakika tano kabla. Rodi ya mshazari ifunguliwe ncha moja. Kisha jeki lishushwe polepole, na mtu mmoja kazi yake iwe moja: kuangalia bomba la mpira la breki, kebo za handibreki, na waya wa ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki. Ekseli ikining'inia kwa bomba la breki, bomba linavutika kwa ndani bila kuonekana nje, na litapasuka siku usiyoitegemea. Vifungio vyake vifunguliwe kama havitoshi urefu.

Ekseli ikishuka vya kutosha springi inalegea yenyewe na unaitoa kwa mkono. Huhitaji mashine ya kuibana. Hapa naomba uelewe tofauti: springi za mbele za gari hilohilo zimefungwa kwenye shokapu zikiwa zimebanwa kwa nguvu kubwa, na anayezifungua bila kibanio anacheza na uhai wake. Za nyuma ni pole. Fundi akileta waya au mnyororo kuibana springi ya nyuma, hajui kazi hii.

Springi mpya kabla haijaingia ilinganishwe na ya zamani, zisimamishwe pamoja. Mpya itakuwa ndefu kidogo, hiyo ni sawa. Ikiwa na waya mnene zaidi au mizunguko michache zaidi, umeuziwa ya gari la mzigo. Ncha yake ya chini inakaa kwenye kidato kilichochongwa kwenye kitako. Izungushwe mpaka iguse pale. Ikikaa kando ya kidato gari litapinda upande huo, na utarudi kulalamika kuwa springi ni mbovu. Shokapu nazo zisimamishwe wima kama zitakavyokaa garini na kuvutwa na kubonyezwa mara nne tano kabla ya kufungwa. Zilikuwa zimelazwa dukani, na hewa imejichanganya na mafuta. Ukiona fundi anafanya hivyo bila kuambiwa, muongeze soda.

Nimefika kwenye jambo moja ambalo ukilisimamia hilo tu, sitakuwa nimeandika bure. Boliti zinazopita kwenye bushi, yaani za amu, za rodi na za chini za shokapu, zinaingizwa na kubanwa kidogo tu gari likiwa juu. Zinakazwa kwa nguvu ya mwisho baada ya gari kushuka na kukalia magurudumu yake kwa uzito wake wote. Sababu ni kwamba bushi ya mpira haizunguki. Kile kibomba cha chuma katikati yake kinabanwa na boliti kisisogee, na mpira umegandishwa kwenye kile kibomba. Amu ikipanda na kushuka, mpira unajipinda na kujinyoosha. Sasa ukiikaza wakati ekseli inaning'inia, mpira unaganda kwenye hali ya kuning'inia. Ukishusha gari, tayari umepindwa kabla hata hujatoka gerejini. Kila tuta unaupinda zaidi, na hauna siku ya kupumzika. Utachanika ndani ya miezi.

Najua kwa sababu nilifanya mwenyewe. Nilikuwa kijana, naharakisha, gari liko juu na spana iko mkononi, nikakaza kila kitu pale pale. Mzee mwenye gari alirudi baada ya miezi minne, bushi zimepasuka kama mpira wa kandambili. Nikamlaumu muuzaji, nikafunga nyingine vilevile, juu kwa juu. Aliporudi mara ya pili ndipo fundi mkuu wangu akaniuliza swali moja tu: "Ulikaza gari likiwa wapi?" Nilimfungia bushi za tatu kwa mshahara wangu.

Kama gereji haina shimo wala lifti ya kukanyagia, zipo njia. Magurudumu yapandishwe juu ya mbao nene nne zinazolingana, gari likiwa limekaa juu yake. Au jeki lipandishe ekseli mpaka bodi ianze kuachana na stendi kidogo. Hapo springi imebeba uzito halisi, na boliti zinakazwa. Usimwache fundi akuambie haiwezekani.

Baada ya hapo nati za magurudumu zikazwe kwa mpangilio wa msalaba. Toyota inataka Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwenye nati hizo. Fundi mwenye spana ya kupimia nguvu ataiseti hapo. Asiye nayo akaze kwa mkono na spana ya kawaida, asiparamie bomba refu. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena.

Huhitaji alaimenti ya nyuma, ekseli hiyo haina pa kurekebisha. Ila mbele ipimwe, kwa kuwa gari limebadilisha mkao, na taa zielekezwe upya. Wanaokuja mbele watakushukuru.

Na kama fedha haitoshi yote kwa mara moja, fuata mpangilio huu. Anza na kinachoyumbisha: bushi za rodi ya mshazari, kisha za amu kama mtaimbo umeonyesha zimekwisha. Springi na shokapu zifuate pamoja. Na mpaka hapo, Mikumi pale kwenye matuta ya wanyama nenda taratibu, Kitonga shuka kwa gia, na gari lisibebe kitu nyuma ya viti zaidi ya mabegi ya nguo. Kitu kizito chochote kiegemee mgongo wa kiti cha nyuma, kisikae kwenye mlango wa buti, maana kilo zilizo nyuma ya ekseli zinainyanyua pua ya gari na kuupunguzia usukani nguvu.

Baada ya wiki mbili chukua futi yako urudi kwenye kituo kilekile, upime pembe zilezile. Springi mpya hukaa kidogo zikizoea, milimita kadhaa, usishtuke. Andika namba hizo nyuma ya kadi ya gari. Na springi za zamani mwombe fundi akupe, hata kama atakuuliza za nini. Ukishaziona zimesimama kando ya mpya utajua kama ulibadilisha kwa haja, na gunia lumbesa litakuwa limekuachia ushahidi.